Mashahidi wa Anga

Siku ya 29 ya mwezi wa Shaabani, alasiri inapokwisha kuswaliwa, watu wa Pemba wakaao upande wa machweo, tangu Mkoani na Wesha mpaka Wete na ghuba zilizo juu yake, hushuka pwani makundi kwa makundi, wazee waliopungukiwa na nuru ya macho wakiwatanguliza wajukuu wao, wakaielekea bahari inayowatenga na Tanga, wakangoja jua litue ili wautafute mwezi mwandamo, ule uzi mwembamba usiokaa mbinguni ila muda wa mtu kutia udhu na kurejea. Anayeuona hauoni kwa nafsi yake peke yake. Atapelekwa mbele ya kadhi, au mbele ya wale waliokabidhiwa kazi hiyo, naye ataulizwa maswali aliyoulizwa babu yake: aliuona kulia au kushoto kwa pale jua lilipochwea, pembe zake zilielekea wapi, ulikuwa na kimo gani kutoka majini, palikuwa na wingu au hapakuwa, alikuwa na nani. Kazi yake haiulizwi. Mchumaji wa karafuu, mvuvi wa Kojani, mwalimu wa chuo na karani wa serikali husimama mahali pamoja, na linalopimwa ni uadilifu wa mtu na uwiano wa maneno yake; na kijana akisema kwamba pembe zilielekea huko jua lilikozama, mahali ambapo pembe za mwezi mchanga haziwezi kuelekea, shahada yake huanguka palepale, naye hurudi kwao bila ya kutukanwa.

Nimeutanguliza mwezi kwa sababu habari nitakayoisimulia ni ya madola makubwa ambayo, karne ya 20 ilipokuwa inafika nusu yake, yalijikuta yanamhitaji kadhi wa namna hiyo na hayanaye, yakawatwika kazi yake wanajeshi.

Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 24 Juni 1947 mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani, Kenneth Arnold, akiendesha ndege yake ndogo karibu na mlima Rainier katika jimbo la Washington, aliona vitu 9 vikipita kwa mfuatano mbele ya theluji ya mlima ule, na alipoulizwa vilikwendaje, akajibu kwamba vilirukaruka mfano wa sahani iliyorushwa juu ya maji. Yeye alieleza mwendo. Waandishi wa magazeti wakaandika umbo. Na kwa kosa hilo dogo la sikio dunia ikapata sahani zirukazo, na watu wengi waliotazama juu baada ya siku ile wakaona sahani. Jeshi la Anga la Marekani likafungua daftari. Mwaka 1948 kazi hiyo iliitwa Sign, mwaka 1949 ikaitwa Grudge, na kuanzia Machi 1952 ikaitwa Blue Book, yote ikiendeshwa katika kambi ya Wright-Patterson, jimbo la Ohio, ambako maofisa wachache na mnajimu wao wa kuazima, Bwana J. Allen Hynek, walipokea barua, simu na michoro kutoka kila pembe, wakajaribu kutenga nyota na ndege, ndege na puto, na puto na uongo.

Puto lenyewe liliwatesa kuliko uongo. Tarehe 7 Januari 1948 Kapteni Thomas Mantell, rubani aliyekuwa vitani na mwenye sifa njema, alipokea rai ya mnara wa uwanja wa Godman, huko Kentucky, akitazame kitu kilichong'aa juu mno kusini yake. Akapanda akikifuata, akapita futi 20,000 hali ndege yake haina hewa ya kuvutia pumzi, akazimia, na ndege ikaanguka naye. Wachunguzi walisema kwanza kwamba aliifukuza Zuhura, nyota ambayo mabaharia wa pwani hii huitazama alfajiri au magharibi wasiikimbilie. Baadaye ilidhihiri kwamba, kwa dhana iliyo kubwa, lilikuwa ni puto la Skyhook, jitu la plastiki lililorushwa na Jeshi la Majini la nchi hiyohiyo kwa siri ambayo wala rubani wala waliochunguza kifo chake hawakupata kuambiwa. Tazama basi hali ya kadhi huyu mpya: aketi kitini kuuliza ni nini kilichoonekana, na aliyekirusha amekaa chumba cha pili ameufunga mdomo.

Waingereza, ambao bendera yao wakati huo ilipepea Nairobi na Dar es Salaam, na ambao Balozi wao Mkaazi alikaa Unguja ubavuni mwa Sultani, walilifanya jambo lilelile kwa kificho zaidi. Mwaka 1950, kwa rai ya Sir Henry Tizard, mshauri mkuu wa sayansi katika Wizara ya Ulinzi, iliundwa kamati ndogo ya watu wa ujasusi wa kisayansi wa majeshi, ikasikiliza visa vichache, na mwezi wa Juni 1951 ikatoa hati yake ya siri ikisema kwamba yote yaliyoonekana yanaweza kuelezwa kwa nyota, kwa hali ya hewa, kwa ndege za kawaida, kwa macho yaliyokosea au kwa ulaghai, na kwamba isipoteze serikali muda wake tena mpaka upatikane ushahidi wa kushikika kwa mkono. Hati hiyo ikafungiwa sandukuni kwa muda wa miaka kama 50.

Kamati hiyo ilipokuwa bado inakaa London, jambo likatokea katika anga letu.

Siku ya Jumatatu, tarehe 19 Februari 1951, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, aina ya Lodestar yenye injini mbili, iliondoka Nairobi saa moja asubuhi kwenda Mombasa, ikiongozwa na Kapteni Jack Bicknell. Neno rubani, ambalo kwetu lilikuwa la yule mtu ajuaye mkondo baina ya miamba na mafungu, apandaye chomboni nje ya Misali ili akiingize katika hori la Chake Chake kabla maji hayajatoka na kuacha tope tupu, lilikuwa limekwisha kuhamia angani likamkalia mwendesha ndege, wala halikupungukiwa na kitu katika safari hiyo, maana heshima yake ni ileile: huyu ni mtu ambaye akisema ameona jabali mbele, hapana abiria atakayebishana naye. Saa moja na dakika ishirini, anga ikiwa safi kama ilivyo desturi ya asubuhi za kaskazi, afisa wa redio aitwaye Merrifield alimwonyesha kapteni wake kitu cheupe, mfano wa nyota kubwa, kimesimama juu ya Kilimanjaro kiasi cha futi 10,000 kupita kilele.

Bicknell alieleza baadaye kwamba lililomjia kwanza ni kunyamaza. Naliona neno hilo kuwa ndilo lenye thamani kupita yote katika habari nzima, maana mtu mwenye kutaka makuu asingelisema. Walikitazama kwa dakika kama tatu, yeye na mwenziwe, bila ya kumwambia mtu, kila mmoja bila shaka akimpa mwenzake nafasi ya kusema kwanza kwamba ni puto. Kisha ndipo wakawaambia abiria, na abiria mmoja akatoa darubini yenye nguvu, wengine wakatoa kamera, na redio ikapeleka habari Eastleigh, uwanja wa Nairobi ambao ndege za abiria ziliutumia pamoja na Jeshi la Anga la Kifalme. Eastleigh wakajibu kwa swali: je, si puto la wapima hali ya hewa?

Hilo ndilo swali ambalo kadhi yeyote angeliuliza, wala sioni dharau ndani yake. Bicknell alishika darubini akatazama kwa dakika kadhaa, na alichokieleza hakikuwa puto: kitu cha madini, umbo lake la risasi, urefu wake zaidi ya futi 200 kwa makisio yake, rangi ya fedha iliyofifia, chenye mistari myeusi ya wima iliyopangwa kwa nafasi sawa ubavuni, na nyuma yake pezi la wima lililokatwa mraba. Kingo zake zilikuwa wazi, hapana ukungu. Kilikaa pale pasipo kutikisika dakika 17, kisha kikaanza kwenda mashariki huku kikipanda, kikapotea machoni mwao katika kimo walichokikisia kuwa futi 40,000, bila ya kuacha moshi wala alama nyuma yake.

Mashariki ya Kilimanjaro ni Taita, kisha nyika, kisha bahari. Na mtu wa Pemba akiisoma habari hii hawezi kujizuia asipime kwa kidole katika ramani kwamba kitu hicho, kama kingaliinama kuelekea kusi, kingalipita juu ya mikarafuu ya Pemba wakati watoto wanakwenda skuli. Lakini si hilo ninalotaka msomaji alipime. Nataka alipime hili: chini ya kitu hicho palikuwa na nchi. Palikuwa na Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na mji wa Moshi, na watu ambao wameishi na mlima huo umri wao wote, wanaoyajua mawingu yake kwa majina na tabia, likiwamo lile wingu laini lenye umbo la dengu ambalo hukaa juu ya milima mirefu lisiondoke ingawa upepo unalipitia, na ambalo limekwisha kuwadanganya marubani wengi duniani. Mama aliyekuwa njiani na mkungu wake wa ndizi saa moja na dakika ishirini asubuhi ile alikuwa na jibu, ama la "niliona" ama la "hapakuwa na kitu," na jibu lake lolote lingalikuwa na uzito kuliko darubini, kwa sababu yeye alikitazama kutoka upande mwingine, na pande mbili ndizo zitoazo kimo na umbali. Habari iliyoandikwa ni ya waliokuwa juu tu. Waliokuwa chini hawamo.

Kisa cha pili kilitoka nchi ya Kongo, nacho hakivuki mpaka wa lugha yetu, maana katika migodi ya Katanga wafanyakazi waliokusanywa kutoka makabila mengi walisemeshana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili waliamrishwa. Katika nchi hiyo, si mbali na Likasi, uko mgodi wa Shinkolobwe, uliokuwa mali ya kampuni ya Union Minière, ambao madini yake ya urani yaliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Na kwa ajili hiyo, katika miaka iliyofuata, hapakuwa na shimo katika bara zima la Afrika lililochungwa na madola kwa wivu kama lile. Tarehe 29 Machi 1952 gazeti la Die Presse la mji wa Vienna lilichapisha habari ya Fritz Sitte, isemayo kwamba sahani mbili za moto zilionekana juu ya migodi ya urani katika wilaya ya Elisabethville, zikazunguka kwa mapindo ya kupendeza, zikabadili sura mara sahani, mara mayai, mara mistari membamba, kisha zikasimama mahali pamoja, na ghafla zikaondoka kwa mwendo wa kupindapinda kuelekea kaskazini-mashariki, huku watazamaji waliokuwa chini wakisikia sauti kali ya mfoko na mvumo. Afisa mmoja wa uwanja mdogo wa ndege wa mji ule, aliyetajwa kwa jina la Kamanda Pierre, akapanda ndege ya kivita akazifuata.

Alikaribia, yasema habari hiyo, mpaka mita 120 kutoka sahani moja, akaikisia upana wa mita 12 mpaka 15. Kiini chake kimetulia kabisa, kina kifundo katikati na vitundu kadhaa, na ukingo wake umegubikwa na moto na unazunguka kwa kasi isiyo kifani. Rangi yake ni ya aluminiamu. Ziliweza kushuka mpaka mita 20 juu ya vichwa vya miti. Baada ya dakika 15 aliacha kuzifukuza, kwa kuwa zote mbili zilikwenda moja kwa moja upande wa Ziwa Tanganyika kwa mwendo alioukisia kuwa kilomita 1,500 kwa saa, zikipiga mluzi mkubwa alioweza kuusikia juu ya ngurumo ya injini yake mwenyewe. Pierre, habari ikaongeza, ni afisa wa kuaminika, na aliwapelekea wakubwa wake ripoti yenye maelezo kamili.

Mimi si mjuzi wa ndege, ila nimesafiri mara nyingi kwa zile ndege ndogo ziendazo kutoka Pemba mpaka Unguja, ambamo jirani yako akikuomba radhi kwa kukukanyaga huna budi umwambie arudie mara tatu, na kwa hiyo huo mluzi uliosikika juu ya injini ya ndege ya kivita umenikaa kooni kama mwiba wa changu. La pili ni zito zaidi. Gazeti linasema kwamba mambo haya yalitokea mashariki ya mto Luapula, unaounganisha maziwa ya Bangweulu na Mweru. Lakini Luapula ndio mpaka wenyewe: mashariki yake si Kongo ya Mbelgiji bali ilikuwa Rodesia ya Kaskazini, nchi ya Mwingereza, ambayo leo ni Zambia, na Shinkolobwe iko magharibi ya mto huo, magharibi mno, hata upande wa pili wa Elisabethville. Shahidi wa mwezi anayesema aliuona mashariki hapewi swali la pili.

Na bado habari hiyo ilipanda cheo. Tarehe 16 Agosti 1952 Idara ya Ujasusi ya Marekani, CIA, iliifasiri kutoka Kijerumani, ikaipiga chapa katika karatasi zake za habari zilizokusanywa kutoka magazeti ya nje, na mto Luapula ukafasiriwa palepale ulipokosewa. Anayetaka kujua kwa nini wapelelezi wa dola lililo tajiri kuliko yote walishughulika na kipande cha gazeti la Vienna na atazame kalenda. Usiku wa tarehe 19 Julai mwaka huo, na tena juma lililofuata, mitambo ya rada ya mji mkuu wao wenyewe, Washington, ilionyesha vitu visivyojulikana, na ndege za kivita zilirushwa kuvitafuta zisivipate. Tarehe 28 Julai Winston Churchill, akiwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alimwandikia waziri wake wa anga akitaka aelezwe hizi habari zote za sahani zina maana gani na ukweli wake ni upi, naye akajibiwa kwamba jambo lilikwisha kuchunguzwa mwaka uliopita na hapakuonekana kitu. Mwezi wa Januari 1953 CIA ikawaita wataalamu wachache chini ya Profesa H. P. Robertson, wakaketi siku chache tu. Na neno lao kuu halikuhusu sahani. Lilihusu simu. Waliogopa kwamba wananchi wengi mno wakiripoti mataa ya angani kwa wakati mmoja, njia za habari za jeshi zitazibika, na siku hiyo adui atapita. Wakashauri watu waelimishwe ili mambo hayo yavuliwe fumbo lake.

Hapo ndipo ninapomwelewa huyu kadhi mwenye sare. Yeye hakuwekwa auandamishe mwezi. Aliwekwa ahakikishe kwamba kilichoonekana si cha Mrusi, na likishapatikana jibu la swali hilo, lililobaki lote lilikuwa ni kero ya ofisi. Ndiyo maana alimtaka shahidi mwenye cheo, rubani au kamanda, ambaye neno lake huingia katika jalada bila ya kuhitaji maelezo, na ndiyo maana wale wachimbaji wa Katanga waliosikia mfoko ule kwa masikio yao, ikiwa ulikuwapo wa kusikiwa, wamepita katika karatasi ya CIA kwa neno moja tu, "watazamaji." Lugha yao ilikuwa ikisemwa kutoka hapo mpaka Lamu. Mtu mmoja mwenye kalamu angetosha.

Najua kwamba msomaji wa Unguja amekaa ananingojea nimtaje Popobawa, yule jini aliyewatisha watu usiku, basi namtaja mara moja nimpishe: mwaka 1995, alipoanza kwetu Pemba kisha akavuka bahari, kila mtu aliulizwa aliona nini, kwa siku nyingi, na mtu na jirani yake, mpaka waliokuwa hawajaona kitu wakaona. Ni ugonjwa ulio kinyume cha ule wa Katanga. Daftari la Ohio nalo lilifungwa. Tarehe 17 Desemba 1969 Bwana Robert Seamans, waziri wa Jeshi la Anga, alitangaza mwisho wa Blue Book; taarifa 12,618 zilikuwa zimekusanywa, na 701 kati yake zikaachwa bila ya kutambuliwa.

Mbali na visa vile viwili vya Kilimanjaro na Katanga, iko habari moja ya anga iliyotugusa Wazanzibari kwa karibu zaidi, ambayo haikuitwa sahani, ingawa ilianza na kitu kirukacho na ikaishia katika uchunguzi. Mwezi wa Oktoba 1960 serikali za Uingereza na Marekani zilitia saini mkataba wa kujengwa Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, ambavyo Wamarekani walikusudia kupandishia watu nje ya hewa. Nacho kikajengwa Tunguu, antena zake zikielekezwa mbinguni juu ya minazi, katikati ya zile siasa kali za chaguzi za 1961 ambamo kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Vyama na vijana wengi walikipinga kituo hicho, wakisema ni mlango wa makombora, na kwamba siku Mrusi atakapotaka kumpiga Mmarekani atatupiga sisi. Serikali ikajibu kwamba hakina silaha, jambo lililokuwa kweli, wala halikuwatuliza watu ambao hawakuulizwa. Kilidumu miaka mitatu na kitu. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Mzee Karume iliamuru kiondolewe, na mwezi wa Aprili mwaka huo kikafungwa.

Lakini tarehe 20 Februari 1962, miaka 11 na siku moja baada ya asubuhi ile ya Kilimanjaro, kilikuwa kazini. Mwanaanga wa Kimarekani, John Glenn, alirushwa kutoka Florida, akavuka Atlantiki na bara la Afrika, akaingia katika sikio la Tunguu yapata nusu saa baada ya kuruka. Kwa saa zetu ilikuwa imepita saa kumi na mbili jioni, magharibi haijaingia. Na ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani, siku zake za katikati. Pemba nzima wakati huo ilikuwa jikoni. Mihogo ilikuwa inaiva kwa tui, tende zimekwisha kupangwa sahanini, watoto wamekaa vizingitini wakimsikilizia mwadhini, na wavuvi wa dagaa wametundika taa zao za karabai, maana mwezi ulikuwa mpevu, na kwenye mbalamwezi dagaa haifuati taa. Juu ya haya yote, katika kimo cha zaidi ya maili 100, alipita mtu akivuta kamba ya mpira mara moja kila nukta kwa nusu dakika, ili daktari aliyekuwa Tunguu ausome moyo wake. Nao ulipanda kutoka mapigo 80 mpaka 124, kisha ukatulia.

Dakika chache mbele, juu ya Bahari ya Hindi, jua lilimzamia. Lilipomchomozea tena juu ya Pasifiki, Glenn aliona jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: maelfu ya cheche ndogo za rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, zinaelea pande zote za chombo chake na kwenda naye taratibu, mfano wa vimulimuli katika shamba la mpunga usiku. Akakigeuza chombo azitazame zinakotoka. Aliporudi ardhini akaulizwa na wahandisi, na madaktari, na wakubwa wa mpango, kila mmoja kwa upande wake, ukubwa wake, mwendo wake, rangi yake. Na daktari wa akili, George Ruff, aliyekuwa amemsikiliza kwa utulivu, akamwuliza kwa mzaha: zilisema nini, John?

Siku 93 zilipita. Tarehe 24 Mei 1962 Scott Carpenter alipanda katika chombo cha namna ileile, akapita juu ya Zanzibar, na katika macheo ya mzunguko wake wa mwisho akazikuta zilezile. Alikuwa ananyoosha mkono achukue ala yake, mkono ukagonga mlango wa chombo kwa bahati, na wingu la cheche likatawanyika nje ya dirisha. Carpenter akakaa kidogo. Kisha akakunja ngumi akagonga tena, safari hii kwa kusudi, na barafu nyembamba iliyoganda juu ya bati ikabanduka, ikatoka katika kivuli cha chombo, na jua likaiwasha.